Kijana Mrefu na Pikipiki Yake ya Kwanza

  

Mwezi wa kumi umeingia, na mkulima wa chai hahitaji kuelezwa maana yake. Kiwanda kikishatangaza bonasi, kila nyumba huwa na kikao. Karo iko, deni la duka liko, mabati yako, ng'ombe wa gredi yuko. Na siku hizi katika kila kikao kuna kijana aliyekaa karibu na mlango ambaye hasemi neno, lakini kila mtu anajua anachotaka. Anataka pikipiki.

Juu ya fungu la kumi la bonasi nitaandika wiki ijayo, msidhani nimesahau. Leo nazungumza na mzazi au mlezi wa huyo kijana wa karibu na mlango, hasa kama ni mrefu. Mwaka huu mimi mwenyewe nimekaa katika kikao hicho kama mjomba, na nimeona jinsi urefu wa kijana unavyoweza kuwachanganya watu wazima wenye akili zao.

Dada yangu ni mjane. Ana shamba la chai lisilofika ekari mbili, na watoto wanne. Kifungua mimba wake alimaliza fomu foo mwaka jana, alitimiza miaka 18 mwezi wa sita, na ana futi 6 na inchi 3. Akisimama kanisani wakati wa kusifu, walio nyuma yake hufuata ibada kwa kusikia tu. Sasa, kwa Kikipsigis ndugu wa mama huitwa "mama", jambo linalowachekesha wageni wanaposikia kijana mwenye ndevu akimwita mwanamume mwenzake mama. Lakini si mchezo. Mjomba ana neno lake katika maisha ya mtoto wa dada yake. Basi dada alipokuja kwangu jioni moja akasema, "Pasta, wewe ndiwe mjomba wake. Pesa ni hizi, na zikiisha sina nyingine hadi mwaka ujao. Mnunulie kitu kitakachomsaidia, na kisiniletee maiti nyumbani," nilijua nimepewa kazi nzito kuliko mahubiri ya Jumapili.

Neno hilo la mwisho hakulitia chumvi. Watumishi wenzangu wa eneo hili mnajua. Tumesimama mara ngapi kando ya kaburi katikati ya chai, jeneza ni la kijana, na wenzake wa steji wamepanga pikipiki kuanzia lango hadi barabarani? Na asiyefika kaburini hurudi na chuma mguuni. Kila nikienda Tenwek kuwaombea waliovunjika mifupa huwauliza vijana wamefikaje pale, na mara nyingi jibu ni neno moja.

Hata hivyo sitaki kuwa mchungaji wa kukemea pikipiki. Mimi nilizaliwa kabla hazijawa nyingi. Utotoni mwangu pikipiki ilikuwa ya afisa wa kilimo na ya yule bwana wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, na tulikimbia nyuma yao kwenye vumbi kama tumeona ndege. Mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa na wanaume hadi barabara kubwa. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250, na baada ya hapo Boxer na TVS kutoka India, na zile za Kichina zenye majina ya kila aina, zikafika mpaka kwenye kituo cha mwisho cha kununulia majani. Leo maziwa yanafika yakiwa bado mazima, na mgonjwa anafika hospitali usiku wa manane. Namshukuru Mungu kwa pikipiki. Haja yangu ni kijana afike akiwa hai.

Tulianzia steji, kwa sababu huko ndiko elimu ya pikipiki iliko. Chuo cha Biblia kilinifundisha kuandaa mahubiri, hakikunifundisha kabureta. Wanaume wa steji walimtazama mpwa wangu kutoka juu hadi chini wakacheka. "Pasta, huyu umweke kwa Boxer mia? Atakaa kama panzi, magoti masikioni!" Walimkalisha kwenye moja ili nione. Kweli, alipokata usukani kabisa, mkono wa usukani uligonga goti lake. Na hapo hapo akatokea broka mmoja (hawa hutokea kama nzi kwenye maziwa) akasema anayo skrambla ya sisi 250, ndefu, nyekundu, karibu mpya. "Mtu mkubwa, mashine kubwa," akasema. Mpwa wangu macho yakamtoka. Nilimwona tayari yuko juu yake moyoni.

Wapendwa, hapo ndipo nilipomkumbuka Sauli. Maandiko yanatuambia alikuwa mrefu kuliko watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu, na Israeli wakaridhika naye. Baadaye mfalme huyo huyo akamvika kijana mdogo wa kuchunga kondoo silaha zake mwenyewe, dirii na kofia ya shaba. Daudi akajaribu kutembea nazo, akazivua, kwa sababu hakuwa amezizoea. Mara nyingi tunaihubiri sura hiyo kwa ajili ya jiwe na kombeo. Mimi siku hiyo pale steji niliona jambo dogo lililo kabla ya jiwe: silaha hazikuwa na kasoro yoyote, zilikuwa za mfalme. Kijana ndiye hakuwa amezijaribu.

Sasa angalia kijana wetu. Ana kimo cha Sauli na uzoefu wa Daudi. Miguu yake ni ya mtu mzima, lakini mikono yake haijawahi kushika klachi. Pikipiki yake ya kwanza lazima ilingane na yote mawili: kiti kilingane na kimo, injini ilingane na uzoefu. Broka alikuwa anatuuzia injini kwa sababu ya kimo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya unaweza kulipa kwa mtoto.

Tuanze na kimo, kwa sababu ndicho kinachopimika. Nilimpeleka kwa fundi cherehani, akampima bila viatu kutoka kinena hadi sakafuni. Sentimita 91. Pikipiki nyingi za steji kiti chake kiko karibu na sentimita 80 kutoka chini. Honda XR 125, ile ya milimani, iko juu kidogo, zaidi ya sentimita 82. Honda CRF 250 iko kwenye 87 na nusu. Zile za mashindano ya motokrosi, kama Yamaha YZ 250, zinapita 95. Anayejifunza anatakiwa akae na miguu yote miwili ikanyage chini vizuri, si kwa vidole, maana kwenye matope yetu mguu ndio breki ya mwisho. Kwa hiyo mtu mrefu amebarikiwa hapa: pikipiki ya milimani ambayo mimi mwenye futi 5 na inchi 7 naning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba, yeye anaikanyagia chini bila shida.

Lakini urefu wa kiti si habari yote, na hili wauzaji hawakuambii. Pima pia nafasi kutoka kiti hadi pale pa kuweka mguu. Nafasi hiyo ikiwa fupi, goti linakunjwa sana, na baada ya nusu saa kijana anaanza kutanua magoti nje. Mtu aliyetanua magoti hajaibana pikipiki, na asiyeibana pikipiki hushikilia usukani kwa nguvu. Halafu mwambie asimame juu ya vikanyagio pikipiki ikiwa imeshikwa na mtu. Kwenye barabara ya mawe unasimama ili chombo kicheze chini yako huku wewe umetulia. Kama usukani uko chini sana, mtu mrefu akisimama anainama kama anayechuma majani, uzito wote unaenda mbele, na gurudumu la mbele likiteleza hana pa kujishikia. Mwisho, akiwa ameketi, akate usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Usiguse goti. Kama unagusa, atashindwa kugeuka siku anayohitaji kugeuka.

Hayo yote hayahitaji pesa. Yanahitaji dakika kumi na muuzaji asiye na haraka. Muuzaji mwenye haraka mwache na pikipiki yake.

Sasa injini. Nilimwomba fundi mmoja wa kanisa letu anieleze kwa nini anayeanza huanguka na mashine kubwa, naye akanionyesha kwa mkono. Mtu akirushwa na shimo, mwili wake unarudi nyuma. Mkono wa kulia umeshika petroli, kwa hiyo mwili ukirudi nyuma, mkono unafungua petroli bila kupenda. Pikipiki inaruka mbele, mwili unarudi nyuma zaidi, petroli inafunguka zaidi. Kwenye injini ya sisi 100 au 125 utashtuka na pengine utaangukia kwenye chai ya jirani. Kwenye injini kubwa hupati nafasi ya kushtuka. XR 125 ina nguvu za farasi kama 11. Ile YZ ya mashindano ina zaidi ya 40, na haina hata taa wala mahali pa namba, kwa sababu haikutengenezwa kwa barabara ya mtu. Mahali pake ni uwanjani, kama kule Jamhuri Park Nairobi wanakoshindania. Mpwa wangu alikuwa akinionyesha video zake kwenye simu kila jioni. Nilimwambia, "Hao unaowaona walianza na ndogo wakiwa watoto." Hakufurahi, lakini alinyamaza, na kwa kijana wa umri huo kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Kuna hoja ya uzito pia. Ile 250 ya broka, nilimwambia kijana ailaze chini kisha aiinue peke yake kwenye nyasi zenye umande. Aliinua mara ya kwanza. Mara ya pili alipumua. Mara ya tatu aliteleza nayo. Nikamuuliza, "Na ukiwa peke yako kwenye ule mteremko wa kwenda mtoni saa moja jioni, mvua inanyesha?" Mrefu ana miguu, ndiyo, lakini uzito wake uko juu, na kitu chenye uzito juu kikianza kuinama hakirudi kirahisi. Waulize wanaokata blugamu.

Tukabaki na njia mbili za kweli, na nitawaeleza zote kwa sababu nyumba si zote sawa.

Njia ya kwanza ni Boxer au TVS ya kawaida, kisha uitengeneze imfae mrefu. Msiidharau hii. Spea zake ziko kila soko, kila fundi anaijua hata gizani, inakunywa petroli kidogo, na ukitaka kuiuza mnunuzi yuko mlangoni. Kiti chake ni kirefu, kwa hiyo mtu mrefu akiwa peke yake anaweza kurudi nyuma na magoti yakapata nafasi. Fundi wa viti anaweza kuongeza sponji ngumu ya sentimita nne au tano. Usukani unaweza kulegezwa ukazungushwa mbele kidogo, na mkono wa gia ukapandishwa ulingane na mguu mkubwa. Ila nawasihi, msikubali mtu achomelee vyuma kwenye usukani kuurefusha. Usukani ukikatika mkononi mwa mtoto hakuna maombi ya haraka kiasi hicho. Na tairi zake za lami zibadilishwe. Udongo wetu mwekundu mwezi wa nne ni sabuni. Weka tairi zenye meno, angalau ya nyuma, na usizijaze upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe.

Njia ya pili ni pikipiki ya milimani yenye injini ndogo, kama hiyo XR 125. Kiti kiko juu, usukani mpana, shoki ndefu, gurudumu la mbele kubwa linalopanda mawe badala ya kugonga. Kwa mwili wa mpwa wangu ilimkaa kama imeshonwa. Ubaya wake ni spea. Zinatoka Kericho au Nairobi, na unaweza kungoja wiki nzima kwa kitu cha ukubwa wa kidole. Mpya ni ghali kwa mjane. Na zile Yamaha za zamani za kuchanganya oili, zinazotoa moshi wa bluu? Wazee wanazipenda, nami nazipenda kwa sauti tu. Nguvu yake inakuja ghafla, haiji pole pole. Ngojeni ya pili.

Kwa neema ya Mungu, shirika moja lilikuwa likiuza pikipiki zake za kazi kwa tenda, na kati yake XR kadhaa. Tulienda watatu: mimi, kijana, na yule fundi, ambaye alikwenda asubuhi sana kabla hawajawasha, akaweka mkono kwenye injini. Injini iliyo na joto kabla hujafika imefichiwa jambo: pengine ina shida ya kuwaka ikiwa baridi. Aliinua gurudumu la mbele akalisukuma mbele na nyuma kusikia kama shingo imelegea. Alisimama nyuma akatazama kama magurudumu mawili yako mstari mmoja, maana iliyopinda kwa ajali hainyooki kwa rangi. Akavuta cheni kwenye sproketi. Tatu tuliziacha. Ya nne ilikuwa mbaya kwa sura, kiti kimechanika, lakini chuma chake kilikuwa kizima. Kijana alitaka ile ya pili kwa sababu ya stika zake. Mjomba ana neno lake.

Namba ya chesi na ya injini tulizilinganisha na logibuku kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Msilipe pesa yote kabla umiliki haujahamishwa kwenye mfumo wa NTSA. Nimewaona watu wazuri wakienda polisi kueleza kwa nini wana pikipiki ya mtu.

Hapa sasa kuna jambo lililotutoa jasho mimi na dada yangu, na nadhani liko katika nyumba nyingi zinazosoma hapa. Dada alikuwa na hesabu yake. Kijana anunuliwe pikipiki, aingie steji, alete mia tatu, mia nne jioni, bonasi irudi. Ni hesabu ya mama mwenye watoto watatu nyuma. Nilimwonea huruma kumjibu. Lakini sheria ya leseni inasema hivi: pikipiki ndogo ya kawaida, daraja la A2, ni miaka 18, ya kubeba abiria kwa pesa, A3, ni miaka 21. Akimbeba abiria leo, siku ya ajali atakuwa peke yake na mtu wa watu. Na mbali na sheria, kumpa anayejifunza abiria wawili na gunia ni kumpa Daudi dirii, kofia, na Sauli mwenyewe mgongoni.

Dada aliuliza, "Sasa itarudisha nini?" Tukakaa na kalamu. Maziwa yake na ya majirani wawili hadi kwenye kupozea, hiyo ni pesa kidogo kila mwezi. Nauli ya kijana kwenda chuo cha ufundi Januari, hiyo alikuwa akipanga kuikopa. Kubeba mbolea ikija. Haikufika ile hesabu yake ya kwanza. Tuliiacha hivyo hivyo kwenye karatasi, pungufu, na akasema, "Sawa, atakuwa mzima." Sikuongeza neno.

Kofia nayo. Torati ilimwamuru mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Ukuta huo ni sehemu ya gharama ya nyumba. Humjengei mtu nyumba kisha ukangoja bonasi ya mwaka ujao kuweka ukuta. Basi tulitoa pesa ya kofia kwanza, kabla ya pesa ya pikipiki, tukaiweka kando kwenye bahasha. Nunueni ile inayofunika kidevu, yenye alama ya ubora, na kijana aende na kichwa chake mwenyewe dukani. Iwe inabana mashavu kidogo. Akitikisa kichwa isizunguke peke yake. Mkanda ufungwe, uache nafasi ya vidole viwili. Ile ya mtumba ambayo imeshaanguka vibaya, hata kama inang'aa, ndani imeshakufa. Na kofia iliyoning'inia kwenye kioo cha pembeni inakilinda kioo.

Viatu: kila mtu hapa ana gamubuti, na ni bora mara mia kuliko sandali. Lakini jaribuni mkiwa mmesimama. Ile pana ya mbele haiingii chini ya mkono wa gia, na kijana mwenye mguu namba 12 atatafuta gia kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Tulipata buti ya ngozi Litein, mtumba, imara. Glovu za kazi zinatosha kuanzia. Riflekta avae, ni sheria na ni akili, ukungu wetu wa asubuhi mnaujua.

Leo ni wiki ya tano tangu aanze. Ana leseni ya kujifunza, anakwenda shule ya udereva siku mbili kwa wiki, siku nyingine anazunguka uwanja wa kanisa kwa gia ya kwanza na ya pili. Nilimwekea mawe, apite katikati yake taratibu bila kuweka mguu chini. Taratibu ndiyo ngumu. Kasi haina ufundi mwingi. Anajifunza kushuka mlima injini ikiwa kwenye gia, na hili nawaambia hata ninyi wa steji mnaoteremka na frii kuokoa petroli: breki iliyolowa maji peke yake haitoshi kwa milima hii, mnajua wenyewe ni wangapi tumewatoa kwenye mitaro. Breki ya mbele anaibana kwa vidole viwili, kama anayekamua, hainyakui. Ameanguka mara sita. Mara zote kwenye nyasi, mara zote akiwa na kofia, na mara ya sita aliinuka akicheka, na mama yake aliyekuwa akichungulia kupitia ua akacheka pia, kisha akaenda zake haraka asionekane.

Mama mwenyewe bado hajapanda. Tulikubaliana miezi mitatu bila abiria, na yeye ni abiria kama wengine. Asubuhi anabeba kikapu chake kwenda kituo cha majani kwa miguu kama kawaida, na kijana aliye na pikipiki anaiacha nyumbani, anatembea naye, amebeba kile kikapu kingine.

Jumamosi hii kuanzia saa nane mchana uwanja wa kanisa uko wazi kwa vijana wote wanaoanza, wa kanisa letu na wa makanisa mengine, na yule fundi atakuwepo bure kupima viti, usukani na vikanyagio kwa mtu na mtu. Aliye na pikipiki aje nayo, asiye nayo aje aangalie. Asiye na kofia ataruhusiwa kuketi kwenye benchi la akina mama, na chai itakuwepo. Mvua ikinyesha hatuahirishi. Matope ndiyo darasa lenyewe.

 Mwenye swali aandike hapa chini, nitajibu usiku baada ya ibada ya nyumba kwa nyumba.